Mpagazi Aliyekufa Bila Cheti

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina masharti ya kumwandika marehemu wa Vita Kuu ya Kwanza. Awe amefariki kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Akiwa bado kazini alipofariki, haijalishi aliuawa na risasi, malaria au ajali. Ila kama alishaachishwa jeshi, lazima ithibitishwe kwamba maradhi yaliyomuua yalitokana na utumishi wake au yalizidishwa nao. Kwa mwanajeshi wa Uingereza hilo linawezekana hata leo: faili la pensheni linaonyesha aliachishwa kwa kifua kikuu, cheti cha kifo kinataja kifua kikuu, jina linapita.

Mpagazi wa Afrika Mashariki, aliyelibebea jeshi hilo mizigo, hana karatasi hizo. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria kuliko risasi, na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda kwao akafia njiani au kijijini hakuandikiwa cheti na yeyote. Sharti ni lile lile kwa wote, lakini linadai ushahidi ambao dola iliyomchukua haikujali kuuweka. Ripoti ya Tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina jina hata moja.

Wapo watakaosema kulegeza ushahidi kutaingiza watoro na walionusurika. Hoja hiyo ina uzito: mishahara mingi ya wapagazi ilibaki bila kudaiwa baada ya vita, na asiyefika kuchukua chake si lazima awe amekufa. Lakini hata kifua kikuu cha yule Mwingereza kingeweza kutoka kiwandani; tunakubali kwa sababu uwezekano unaelemea upande mmoja. Basi mpagazi aliyeandikwa mgonjwa alipoachishwa, kisha asionekane tena kudai ujira wake, apimwe kwa mizani hiyo hiyo, na asiye na jina ahesabiwe walau chini ya wilaya aliyotoka. Na hapo bado hatujawagusa wapagazi wa upande wa Wajerumani, ambao hawamo kabisa katika dhamana ya Tume hiyo.