Bakteria anayeibana DNA inayorukaruka

Si DNA yote hutulia. Nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, ana kipande kiitwacho gypsy, kirusi kilichohamia kwenye jenomu na kugoma kutoka. Seli zinazozunguka yai hutengeneza chembe zake, zinapenya kwenye yai, kisha gypsy inajichomeka kwenye DNA ya mtoto. Ikitua katikati ya jeni, inaiharibu.

Sasa, yai hilohilo ndilo njia ya Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za nzi. Jike akiwa tasa, naye safari yake imeishia hapo! Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa nzi wenye Wolbachia hupata gypsy chache zaidi kwenye ovo, jeni ambayo jike anaihitaji ili azae. Ungedhani bakteria anaizima gypsy. Wapi! RNA yake haipungui. Kinachobadilika ni jinsi chembe zake zinavyosambaa ndani ya seli zile jirani za yai.