Siri Inayoponya na Siri Inayoua

Alikuja kliniki siku ya Jumanne, mimba yake ikiwa na miezi mitano. Mumewe alikuwa machimboni upande wa Geita, na alikuwa hajarudi nyumbani tangu msimu wa kupanda. Tulimpima kama tunavyowapima akina mama wajawazito wote: wingi wa damu, mkojo, virusi vya UKIMWI, kaswende. Majibu yote yalikuwa mazuri isipokuwa hilo la mwisho. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akikunja na kukunjua pindo la kanga yake, kisha akauliza, "Nesi, mimi sijatoka nyumbani. Nimeipata wapi?"

Mama msomaji, swali hilo tumeulizwa mara nyingi katika miaka yetu ya kazi hapa Shinyanga. Mambo kadhaa ya mama huyu tumeyabadilisha ili asitambulike, lakini swali lake tumeliacha kama lilivyo. Mara nyingi anayeuliza hivyo huwa tayari ana jibu moyoni. Mumewe alipokuja mara ya mwisho, mama huyu aliona kwenye simu yake ujumbe wa mwanamke mwingine, pamoja na kumbukumbu za fedha zilizotumwa kwa namba asiyoijua. Alinyamaza. "Niliogopa kuuliza," alituambia. "Nikasema, afadhali isijulikane."

Tunaandika makala hii kwa sababu ya maneno hayo mawili ya mwisho.

Duka la kuuza siri

Hivi karibuni baadhi yetu katika kikundi cha akina mama kanisani tulitazama filamu ya mfululizo yenye sehemu tatu, iliyotolewa na Netflix mwaka 2024. Inahusu kampuni iitwayo Ashley Madison, iliyoanzia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kuwakutanisha, kwa njia ya intaneti, watu walio katika ndoa na wanaotaka kutoka nje ya ndoa. Haikujificha, ilijitangaza mchana kweupe. Kitu ilichokuwa ikiuza hasa ni siri. Iliwaambia wateja kwamba mambo yao yatahifadhiwa na mwenzi wa nyumbani hatajua kamwe.

Mwezi Julai 2015 wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni hiyo, wakachukua taarifa za wateja, wakataka tovuti ifungwe. Kampuni haikuifunga. Mwezi Agosti wakazimwaga taarifa hizo hadharani, za akaunti zaidi ya milioni 30. Humo mlikuwa na majina, anwani za barua pepe, kumbukumbu za malipo, hata mambo ambayo mtu asingemwambia rafiki yake wa karibu. Mkurugenzi mkuu, Noel Biderman, aliondoka kazini kabla ya mwezi huo kwisha.

Ndipo yakajulikana mengine. Wateja walikuwa wametozwa dola 19 ili habari zao zifutwe kabisa, lakini baadhi ya habari hizo zilikuwa bado zimehifadhiwa. Tovuti ilikuwa na alama ya tuzo ya usalama ambayo kampuni haikuwahi kupewa. Na wengi wa "wanawake" waliokuwa wakiwaandikia wanaume maneno matamu hawakuwa watu: zilikuwa programu za kompyuta, zilizotengenezwa ili mwanaume aendelee kulipa. Desemba 2016 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.6 kumaliza mashauri yaliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa.

Mwenzetu mmoja alicheka aliposikia habari ya programu hizo. Baadaye hakucheka tena, kwa sababu filamu inageukia nyumbani, kwa wake na watoto.

Orodha iliyogeuka mawe

Watu waliichukua ile orodha kama waliomletea Yesu yule mwanamke walivyoyashika mawe yao. Walitafuta majina ya jirani, ya mwajiri, ya mchungaji. Matapeli nao wakaanza kuwaandikia waliotajwa: lipa, la sivyo tutamwambia mkeo. Hata hivyo, tovuti ile haikuwa ikihakikisha kwamba anwani ya barua pepe ni ya mtu aliyeiandika. Jina la mtu liliweza kuwamo bila yeye kujua. Na aliyejiandikisha kweli, orodha haikuonyesha kama alikutana na mtu au la.

Mchungaji mmoja wa Marekani ambaye jina lake lilikutwa humo alijiua siku chache baadaye. Familia yake ilisema hadharani kwamba kosa lake halikuwa kubwa kuliko thamani ya uhai wake, na kwamba wao wangemsamehe. Yeye hakuwapa nafasi ya kumwambia.

Yupo pia Sam Rader, Mkristo aliyejulikana pamoja na mkewe Nia kwa video za maisha ya familia yao. Mwanzoni alisema alifungua akaunti tu na hakuwahi kutoka nje ya ndoa. Miaka ilipita kabla hajakiri kwamba alikuwa ameficha mengi zaidi. Ndoa yao haikuvunjika, lakini ukweli uliotolewa nusu ulimuumiza mke mara mbili: siku aliposikia mara ya kwanza, na siku alipojua kwamba hata toba ile ilikuwa na uongo ndani yake.

Kwetu huku machimboni

Utasema, mama, kwamba hayo ni ya Wazungu na kompyuta zao. Sisi hatusemi hivyo. Kwetu simu moja ya mkononi inatosha.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Wachimbaji wadogo nao wapo Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa na kwingineko. Panapotokea mfumuko wa dhahabu, katika muda mfupi pori hugeuka mji: vibanda vya turubai, migahawa, baa, nyumba za kulala wageni. Mume anaaga Shinyanga au Kahama akisema anakwenda miezi miwili. Duara halijatoa, miezi inakuwa minane. Huko anapikiwa, anafuliwa, na mwisho anapata nyumba ndogo. Mke aliyebaki na watoto anatumiwa fedha leo, kesho hazionekani.

Hatusemi kwamba kila mchimbaji ni mzinzi. Tunawafahamu wengi waaminifu kuliko wafanyakazi wa ofisini. Wala hatusemi kwamba majaribu ni ya wanaume peke yao. Mke aliyeachwa bila fedha na bila salamu naye hushawishika, na katika chumba chetu cha ushauri tumewasikia wa pande zote mbili. Kinachofanana ni lile wazo kwamba neno likibaki ndani ya simu halimgusi mtu wa nyumbani. Kumbe hufika mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

Ufanye nini, mama?

Kwanza, linda afya yako. Kaswende inatibika kwa sindano za penisilini, na mjamzito asipotibiwa anaweza kupoteza mimba au kuzaa mtoto mgonjwa. Lakini ukitibiwa peke yako na mumeo asitibiwe, utaipata tena. Kwa virusi vya UKIMWI, kipimo cha leo kinaweza kisionyeshe maambukizi ya wiki iliyopita. Rudi baada ya miezi mitatu. Ikiwa hatari imetokea siku hizi mbili tatu, fika kituoni upesi: zipo dawa za kuzuia maambukizi, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28.

Pili, usihukumu kwa dalili moja. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka bila kujionyesha. Kipimo kinakuambia kwamba ipo. Hakikuambii nani aliileta wala lini. Ndivyo ilivyo hata kwa jina kwenye orodha au ujumbe mmoja kwenye simu. Ni sababu ya kuuliza, na kuuliza ni haki yako.

Tatu, chagua saa na mahali pa kuuliza. Usiulize akiwa amelewa, wala mbele ya watoto, wala kwa simu akiwa machimboni. Kama unaogopa kupigwa, usiwe peke yako: mshirikishe mzee mnayemheshimu wote wawili. Ukitishiwa au kupigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume haki ya kumpiga mkewe. Sheria hiyohiyo inautaja uzinzi kama mojawapo ya mambo yanayoweza kuonyesha mahakamani kwamba ndoa imevunjika, lakini kwa kawaida shauri hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kujua hayo si kutaka talaka. Ni kujua mahali unaposimama.

Nne, usirushe mambo hayo kwenye makundi ya simu. Hasira ina haki yake, lakini picha ikishatoka hairudi, na siku moja wanao wataiona. Kusambaza picha za utupu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama aliye pichani amekukosea. Tumkumbuke Yusufu: alipodhani kwamba Mariamu amemsaliti, aliumia, lakini hakutaka kumwaibisha mbele ya watu.

Tano, neno kwetu sisi tunaohudumu kanisani. Mama akituamini na habari ya ndoa yake, isigeuke kuwa "ombi la maombi" linalozunguka jumuiya nzima. Akina mama wengi hunyamaza kwa sababu wanatujua midomo yetu.

Siri za aina mbili

Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi wauguzi tunafundishwa kutunza siri ya mgonjwa tangu siku za kwanza za mafunzo, na tunaitunza ili apate ujasiri wa kusema, kidonda kifunuliwe, kisafishwe, kipone. Siri iliyouzwa na kampuni ile ilikuwa ya aina nyingine, kama bandeji safi juu ya usaha. Tofauti yake unaweza kuipima hata nyumbani kwako. Siri inayoponya inamsaidia mtu kumwendea mwenzake akiwa na ukweli. Siri inayoua inamsaidia kumkwepa.

Kusamehe kupo, nasi tumekuona kwa macho yetu katika nyumba ambazo hatukuzitegemea. Lakini hakuna mke anayeweza kusamehe jambo asiloambiwa. Wala msamaha haumlazimishi kurudi kitandani kabla ya wote wawili kupimwa na kutibiwa. Hilo tunalisema kama wauguzi na kama Wakristo.

Yule mama alichomwa sindano yake siku ileile. Tulimpa barua ya kumwita mumewe, na tukamsaidia kutafuta maneno ya kumwambia. Wiki mbili zilipita. Siku moja asubuhi tukawakuta wamekaa kwenye benchi la nje, wote wawili, mwanaume bado ana vumbi la safari kwenye viatu. Aliomba kuzungumza na mkewe kwanza, kabla ya kupimwa. Tuliwapa chumba, tukafunga mlango.

Yaliyosemwa humo ndani ni ya kwao.