Rangi ya Ua na Rangi ya Mbegu katika Maharage

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, maharage hupandwa chini ya migomba kibanjani, na mara nyingi mbegu za rangi mbalimbali huchanganywa. Kwa mwalimu wa biolojia, hiyo ni maabara isiyo na gharama.

Mimea ichanuapo, tieni alama kila mmea kwa rangi ya maua yake, kisha mngoje mavuno. Mmea wa maua ya zambarau hautatoa mbegu nyeupe tupu. Mmea wenye mbegu nyeupe utakuwa ulichanua maua meupe. Lakini kinyume chake si kweli: ua jeupe laweza kufuatwa na mbegu ya kahawia.

Zambarau hiyo hutokana na antosianini, kemikali inayotengenezwa kwa hatua nyingi, kila hatua na kimeng'enya chake. Jeni iitwayo P ndiyo inayoamuru kazi ianze, katika ua na katika ganda la mbegu pia. Mmea uliorithi nakala mbili za p, isiyofanya kazi, hukosa rangi pote pawili. Jeni nyingine, V, huleta urujuani. Palipo na vv, ua hubaki jeupe ingawa ganda hupata rangi. Tukichanganya PPVV na ppvv, katika kila mimea 16 ya kizazi cha pili twatarajia 9 yenye maua ya zambarau, 3 yenye maua meupe na mbegu za rangi, na 4 yenye maua meupe na mbegu nyeupe.

Mendel mwenyewe, katika makala yake ya 1866, alieleza chotara za maharage ambazo katika mimea 31 iliyochanua mmoja tu ulikuwa mweupe. Alihisi kwamba rangi yaongozwa na vipengele zaidi ya kimoja.

Sasa shida ya mkulima. Ganda la mbegu ni sehemu ya mmea mama. Nyuki akileta chavua ya maharage meusi kwenye ua la maharage meupe, jambo lisilo la kawaida kwani maharage hujichavusha yenyewe, mbegu itakayokomaa itakuwa nyeupe vilevile. Kuichambua kwa macho ni kazi bure. Msimu ufuatao, hata hivyo, mmea wake utachanua zambarau, nao waweza kung'olewa kabla ya kuzaa. Katika shamba la maharage meusi hali ni ngumu zaidi: chotara hufanana na wenzake, na p iliyofichika hujitokeza katika kizazi cha pili, mmea mmoja kwa kila minne.