Mikutano ya Walioamua Kuacha Pombe

Mtu aliyezoea kuzimua asubuhi anapotangaza kwamba ameacha pombe, jamaa humwambia "nenda kwenye mikutano", kana kwamba yote ni mamoja. Jumuiya ya Alcoholics Anonymous, inayojulikana kwa kifupi kama AA, ina desturi zinazofanana karibu kila nchi, lakini kila kikundi kina tabia yake. Asiyelijua hilo huenda mara moja, akaboreka, akarudi baa akiwa na la kujitetea: nilijaribu, haikunifaa.

Chanzo cha AA ni mazungumzo ya watu wawili. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, na baa ya hoteli ilikuwa pale pale chini. Badala ya kuingia, alipiga simu makanisani akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15 tu. Wakakaa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo Smith anahesabiwa kunywa mara ya mwisho, ndiyo AA huiadhimisha kama siku yake ya kuzaliwa. Kitabu chenye hatua 12 za kuacha ulevi kilichapishwa 1939, na kanuni 12 za vikundi zikapitishwa 1950, lakini msingi ni ule ule wa Akron: anayeamka mikono ikitetemeka humsikiliza aliyewahi kutetemeka kuliko mchungaji, mke au bosi.

Kwanza uliza kama mkutano ni wa wazi au wa wenyewe. Wa wazi humpokea yeyote, hata mwandishi mdadisi. Wa wenyewe ni wa mwenye nia ya kuacha pombe, na nia hiyo ndiyo sharti pekee la uanachama. Hakuna kiingilio. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, na fedha za watu wa nje hazipokelewi.

Niliohudhuria mimi Nairobi ulikuwa wa wazi: ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai na sahani ya biskuti juu ya meza. Mzee wa suti alikaa bega kwa bega na kijana mwenye fulana ya makanga. Kila mmoja alitaja jina lake la kwanza tu, akasema yeye ni mlevi, na wote wakamwitikia kwa jina hilo. Hata mwenye miaka mingi bila tone hujitambulisha hivyo hivyo. Waliyoyasema siyaandiki, maana yaliyosemwa pale hubaki pale. Kilichonishangaza ni kwamba mtu alimaliza kusema na hakuna aliyemjibu, wala kumshauri, wala kumkumbusha Mungu. Mwingine akaanza la kwake. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye baraza, ambako neno la mtu hudakwa kabla halijatua, kunyamaza namna ile ni kazi. Baadaye sarafu zikatolewa kwa waliotimiza muda fulani, na makofi makubwa kuliko yote yalimwendea aliyepewa ya saa 24.

Mikutano mingine ni ya msemaji mmoja, mingine ya kusoma kitabu au kuchambua hatua. Ipo ya wanawake peke yao, na nadhani inahitajika sana huku kwetu, ambako mwanamke mlevi hubeba aibu mara mbili. Desturi pia inataka mlezi, yaani mwanachama mzoefu anayemwongoza mgeni, awe mwanamke kwa mwanamke. Wanachama wenyewe hutania kuhusu "hatua ya 13", yaani mkongwe kumtongoza mgeni. Mahali ambapo utani huo umekuwa mazoea, ondoka.

Kuhusu Mungu, hatua zinasema ni kadiri kila mtu anavyomwelewa. Hata hivyo vipo vikundi vinavyofunga kwa Baba Yetu, na Mwislamu au asiye na dini anaweza kujiona mgeni hapo. Atafute kikundi kingine, au njia isiyo ya kidini kama SMART Recovery, iliyoanza 1994 na inayotumia mbinu za kisaikolojia. Aliye mbali na mji anaweza kuingia mkutanoni kwa intaneti.

Anayedhani haya ni maneno matupu ajue kwamba mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, yalikuta AA na tiba zinazowaelekeza watu huko hazipitwi na tiba nyingine katika kumfanya mtu akae bila pombe, na mara nyingi huzipita. Ila mnywaji mzito wa kila siku apitie hospitali kwanza. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege, hata kifo.

Wazoefu hushauri kujaribu mikutano kadhaa kabla ya kuamua. Mimi ningetazama baada ya kufunga. Kuna vikundi ambavyo watu hutawanyika kama abiria walioshuka kituoni, na kuna ambavyo mgeni huandikiwa namba za simu, akaambiwa apige kabla ya kunywa, si baada, kisha akakabidhiwa vikombe avioshe na kuombwa Alhamisi awahi kupanga viti. Ndugu yangu ningempeleka kwenye hicho cha pili, hata kama ni matatu mbili.