Mashua Kuukuu ya Alumini Isitupwe

Mwenye mashua kuukuu ya alumini inayovuja asiharakishe kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwanza aiweke juu ya magogo, mkuku wote ushikwe vizuri, kisha atie maji ndani, kina cha upana wa kiganja tu, maana maji ni mazito. Mahali panapotoka matone aweke alama kwa chaki. Mara nyingi ni ribiti zilizolegea. Amwage maji, mtu mmoja ashikilie chuma kizito kichwani mwa ribiti, mwenzake aigonge kwa nyundo upande wa ndani. Lakini na ajihadhari: asitumie misumari wala rangi yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini huliwa, na mashua yaweza kutoboka katikati ya ziwa, watu wakiwamo.