Paa la Ghala na Maji ya Kunywa Manyoni

Wilayani Manyoni mvua huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, na hukatika mwezi wa Aprili. Kipimo chake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 700, na sehemu kubwa hushuka kwa mvua chache za kishindo. Baada ya hapo hufuata miezi saba ya ukavu. Aliyepata kujibanza penye ghala la chama wakati wa mvua hizo ameona jinsi maji yanavyomwagika kutoka pande mbili za paa, yakachimba msingi wa jengo, kisha yakateremka bondeni bila kumfaa mtu. Ifikapo Septemba, wake na binti za wanachama wa chama hicho hicho huamka usiku kwenda kungoja zamu kwenye kisima cha mchangani, ambacho maji yake huchotwa kwa kata.

Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi, na kila katibu anaweza kuifanya kwa penseli. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Ghala la mita 20 kwa 10 lina paa la mita 200 za mraba. Katika mwaka wa mvua ndogo ya milimita 500, paa hilo hupokea lita 100,000. Ikiondolewa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukaushwa na jua, hubaki lita 80,000. Upana hupimwa chini, kutoka ncha ya upenu mmoja hadi wa pili. Haupimwi kwa kufuata mteremko wa bati, kwa maana mvua haizidi kwa sababu paa limeinama.

Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 5 na kina cha mita 2.5 huchukua lita 49,000 hivi. Lita zilizobaki si za kupotea, kwani hutumika mvua zikiendelea kunyesha. Koki ikiwekwa sentimita 10 juu ya sakafu ili isivute tope, maji yanayoweza kuchotwa wakati wa kiangazi ni kama lita 47,000. Zikigawanywa kwa siku 210, ni madebe 11 kwa siku.

Madebe 11 si mengi, na ni heri ukweli huo usemwe katika mkutano kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa. Kijiji hakiwezi kuoga, kufua na kunywesha ng'ombe kwa tangi la ghala. Vyama vilivyoahidi zaidi ya hapo huishia katika ugomvi wa kufuli na funguo kabla ya Julai. Lakini lita 220 zikihesabiwa kuwa maji ya kunywa na kupikia tu, kwa lita 5 kila mtu, hutosha watu 44; au hutosha zahanati, ambayo bila maji humlazimu mama aliyeshikwa na uchungu kuja na dumu lake kichwani. Nani wapewe kwanza ni jambo la kuamuliwa na mkutano mkuu, na kuandikwa katika kumbukumbu. Kamati ikijiamulia peke yake, lawama haitakwisha.

Inafaa ieleweke kwa nini maji ya mvua yana thamani kuliko wingi wake. Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini, mahali pengi, yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hayana rangi wala harufu. Mtoto anayeyanywa miaka ya kuota meno hupata madoa ya kahawia yasiyotoka, na kiasi kikiwa kikubwa kwa miaka mingi mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha hakusaidii: kunaua vijidudu, lakini maji yakipungua sufuriani floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Mwaka 1974 nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Kiwango cha Taifa cha mwaka 2018 ni miligramu 1.5, sawa na shauri la Shirika la Afya Duniani. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kwa hiyo, kisima kikipimwa na kuonekana kimezidi, watoto wadogo ndio wa kwanza kustahili maji ya tangi.

Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi kwa umbali usiozidi mita 400. Visima vilichimbwa, mashine za dizeli zikafungwa, na nyingi zikanyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri. Uzuri wa tangi la paa ni kwamba halina mashine. Ubaya wake ni kwamba kila kosa la fundi huonekana baadaye, tangi likiwa limejaa.

Kosa la kwanza huwa katika mifereji ya kukingia maji. Mvua ya milimita 60 kwa saa hutoa lita 100 kila dakika kwa kila upande wa ghala hilo, yaani madebe 5. Mfereji mwembamba hufurika, na nusu ya maji huishia chini. Kosa la pili ni haraka. Ukuta wa wavu na saruji hupigwa lipu ya sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi, kisha hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili au zaidi. Anayeona uvivu kulowesha ukuta atakuja kuziba nyufa. Kwa sababu hiyo hiyo tangi lisiachwe likauke kabisa, na hizo sentimita 10 za chini zina kazi mbili.

Mvua ya kwanza ya Novemba husafisha paa la vumbi na vinyesi vya ndege, hivyo lita 200 za mwanzo zimwagwe nje kabla bomba halijaelekezwa tangini. Mfuniko uzibe vizuri, na kila tundu liwe na wavu wa kuzuia mbu. Ndoo isitumbukizwe ndani kamwe. Na kwa kuwa maghala mengine huweka salfa ya mikorosho na dawa za wadudu, mabomba ya kupulizia yasioshwe karibu na tangi, wala wenye dawa na wenye ndoo wasitumie mlango mmoja.

Kazi ya katibu ni daftari. Katika tangi la kipenyo cha mita 5, kila sentimita moja ya kina ni lita 196. Apime kila Jumatatu kwa fito safi iliyotiwa alama, isiyotumika kwa kazi nyingine. Kwa madebe 11 kwa siku, maji yashuke sentimita 8 kwa wiki. Yakishuka 12, ama pana ufa ama pana mtu anayechota usiku, na hapo ukuta ukaguliwe kwanza kabla jirani hajatajwa.

Fedha zinaweza kutoka katika makato ya alizeti, ufuta au korosho, mradi mkutano mkuu umeridhia na hesabu yake imetengwa na ya mazao. Chama kisianze bila kuzungumza na Serikali ya kijiji na ofisi ya RUWASA ya wilaya. Wakala huo uliundwa kwa Sheria ya mwaka 2019, ambayo pia inaelekeza huduma ya maji vijijini iendeshwe na vyombo vya jamii vilivyosajiliwa. Huko ndiko pa kuomba kisima kipimwe floraidi.

Mifugo ina njia yake. Lambo la wazi hupoteza kina cha zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka kwa jua peke yake. Maji yaliyojificha mchangani hayapotei hivyo, jambo walilolijua Wagogo tangu zamani. Huko Kitui na Machakos, nchini Kenya, wanakijiji wamejenga mamia ya kuta za zege katika mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Vijiji vya Manyoni vyenye korongo la mchanga na mwamba chini yake vingefaa kuchunguzwa na mhandisi kwa kazi hiyo.

Kwa ghala ambalo tayari lina tangi, mifereji isafishwe na viungo vyake vikazwe kabla ya katikati ya Novemba.