Kabla ya Kununua Prosesa, Itazame Bodi

Prosesa ya Intel Core i5-8400 na bodi mama yenye chipseti ya H110 zote ni za soketi ya LGA1151. Ukiilaza prosesa hiyo kwenye bodi hiyo itakaa sawasawa, kifuniko cha chuma kitafunga bila kulazimishwa, na kipozeo kitakaa juu yake bila tatizo. Picha kwenye skrini hutaiona. Intel ilipotoa prosesa za mezani za kizazi cha nane, Oktoba 2017, ilibadilisha kazi za baadhi ya pini ili prosesa ipate umeme mwingi zaidi, lakini jina la soketi na umbo lake vikabaki vilevile. Kizazi cha sita na cha saba huenda na bodi za mfululizo wa 100 na 200. Cha nane na cha tisa huenda na bodi za mfululizo wa 300. Anayepima kwa macho hawezi kuiona tofauti hiyo.

Mfano huu unawagusa moja kwa moja vijana wanaojibana ili waunde kompyuta ya mezani kwa mikono yao. Wanapita maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, Nairobi, wakinunua kipande kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana: mwezi huu prosesa, mwezi ujao bodi, halafu RAM. Siku ya kuunganisha inafika wakati kipande cha kwanza kimeshakaa kabatini muda mrefu, na kwenye risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye fedha nyingi atanunua bodi nyingine. Mwenye fedha kidogo mradi wake umeishia hapo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba orodha yote ikamilike kwenye karatasi, vipande vyote vikiwa na namba zake kamili za modeli, kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni. Kununua kwa awamu hakuna ubaya, mradi kuchagua kusiwe kwa awamu.

Orodha hiyo huanza na kazi. Kuandika, kutunza hesabu za duka na kutazama video ni kazi nyepesi, na prosesa yenye picha yake ya ndani inazimudu bila kadi ya picha. Michezo mizito, uhariri wa video na michoro ya majengo ya pande tatu huhitaji kadi. Jibu la swali hilo moja linabadilisha bajeti nzima, kwa hiyo lijibu kwa ukweli: usinunue kadi kwa ajili ya mchezo ambao utaucheza mara mbili kwa mwaka.

Baada ya kazi, soketi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kuendelea, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea. Hata kwenye Ryzen kuna shimo: 2200G na 2400G zina namba ya 2000, lakini ndani yake ni usanifu wa kizazi cha kwanza, na Windows 11 haizitambui rasmi. Ndiyo sababu mojawapo kompyuta za ofisini za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa bei ya chini. Mtu wa Linux Mint au Ubuntu anaweza kuzinunua kwa raha, na zitamfanyia kazi miaka mingi. Anayelazimika kutumia Windows kwa ajili ya programu za kazini asianze mradi mpya na soketi ambayo mlango wake umeshafungwa.

Kwa bajeti ndogo, mimi bado naipendekeza AM4 ya kampuni ya AMD. Soketi hii ilianza mwaka 2016, ikabeba Ryzen tangu za kwanza za 2017 hadi mfululizo wa 5000, na bado kuna bodi na prosesa zake nyingi, mpya na zilizotumika. Inatumia RAM ya DDR4. Iliyoifuata, AM5 ya mwaka 2022, inakubali DDR5 peke yake, na kwa jinsi bei ya RAM ilivyopanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, mtu mwenye DDR4 yake nyumbani ana sababu nzuri ya kubaki nayo.

Lakini umri mrefu wa AM4 umeleta mtego wake. Bodi ya B450 ilitoka mwaka 2018, na prosesa ya Ryzen 5 5600 ilitoka mwaka 2022. Soketi ni ileile, ila BIOS, yaani programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, iliyopakiwa kiwandani mwaka 2018 haiifahamu prosesa iliyozaliwa miaka minne baadaye. Kompyuta haitawaka mpaka BIOS isasishwe, na kwenye bodi nyingi huwezi kuisasisha bila kuwa na prosesa ya zamani ya kuiwashia. Baadhi ya bodi zina kitufe nyuma kinachowezesha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa yoyote, na kitufe hicho kinastahili kuongezewa fedha kidogo. Kama bodi yako haina, mwombe fundi aisasishe dukani, mbele yako, kabla hujalipa. Upande wa pili nao unakataa: bodi ya B550 ya mwaka 2020 haizitambui rasmi Ryzen za 1000 na 2000. Kila mtengenezaji wa bodi huweka kwenye tovuti yake orodha ya prosesa zinazokubalika pamoja na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Dakika tano za kusoma orodha hiyo zina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Chunga pia herufi ya mwisho. Ryzen 5 5600G ina picha yake ya ndani. Ryzen 5 5600 haina, na Ryzen 5 5500 haina. Kwa Intel, i3-12100 inayo, i3-12100F haina. Watu hununua yenye F kwa sababu ni nafuu kidogo, wanachomeka waya wa skrini kwenye bodi, wanaona giza, na bodi nzima inarudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu.

RAM haina mengi, ila yaliyopo ni ya lazima. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 kwa sababu ule mkato wa katikati umesogezwa, na anayelazimisha huvunja nafasi ya bodi. Soketi ya Intel LGA1700, inayobeba kizazi cha 12 hadi cha 14, ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, kwa hiyo kujua prosesa peke yake hakukuambii ununue RAM ipi: soma jina kamili la bodi. RAM ya kompyuta mpakato ni fupi na haihusiki hapa. RAM ya seva inayouzwa kwa bei ya kushangaza, ile ya aina iliyosajiliwa, haifanyi kazi kwenye bodi za kawaida hata kama ni DDR4. Nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, hasa ukitumia picha ya ndani ya prosesa, maana picha hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe na hutegemea kasi ya RAM. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe mpangilio wa kasi, maana RAM iliyoandikwa 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 mpaka uiruhusu.

Kwa diski, SSD ya M.2 yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80 ndiyo ya kawaida. Kumbuka tu kwamba M.2 ni umbo: kuna inayozungumza kwa SATA na inayozungumza kwa NVMe, na si kila nafasi inakubali zote mbili. Kitabu cha bodi kitakuambia, pamoja na kama nafasi hiyo huzima milango fulani ya SATA ikishatumika.

Sasa pawa saplai. Hapa ndipo bajeti ndogo hufanya uamuzi wake mbaya kuliko yote, kwa sababu fedha inakuwa imekwisha na kasha la chuma linauzwa likiwa na pawa saplai ya bure ndani. Imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa. Soma jedwali dogo ubavuni, mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula kutoka hapo. Kama mstari huo umeandikwa ampia 18, zidisha kwa 12: ni wati 216. Wati zinazobaki kwenye hesabu ya herufi kubwa zimejumlishwa kutoka kwenye njia za volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya leo inazitumia kidogo. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 hutoa karibu wati zake zote kwenye volti 12.

Chukua kadi ya Radeon RX 6600, ya mwaka 2021, ambayo AMD inaipa wati 132. Ongeza prosesa iliyoandikwa wati 65, ambayo chini ya mzigo hupita kiwango hicho. Ongeza bodi, diski na feni. Unakaribia wati 250, na AMD yenyewe inashauri pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hiyo, kwa kuwa umeme wa kadi hupanda ghafla kwa vipindi vifupi sana. Ile ya ampia 18 itazima mashine katikati ya kazi, na ikiwa haina ulinzi wa maana ndani yake inaweza kufa pamoja na bodi. Tafuta yenye cheti cha 80 Plus kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Cheti hicho hupima ufanisi, si usalama, lakini huwachuja wengi walio wabovu. Katika miji yetu ambako umeme hushuka, hukatika na kurudi kwa kishindo, kipande hiki ndicho ngao ya vingine vyote.

Kuna pawa saplai za zamani zenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa 115 hulipuka mara tu unapoichomeka. Angalia swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Waya zake nazo zina masharti. Kichwa cha pini 8 cha prosesa hugawanyika nne kwa nne, na cha kadi ya picha hugawanyika sita kwa mbili. Vinafanana, lakini mpangilio wa volti umegeuzwa, kwa hiyo ukihisi kichwa kinagoma, usikisukume. Na kama pawa saplai yako ina waya za kuchomoa, usiazime waya za kampuni nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai hauna kiwango cha pamoja, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Wapo wanaochagua njia ya mkato, wakanunua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ili waiongezee kadi ya picha. Kwa kazi nyepesi ni ununuzi mzuri sana. Kwa michezo, pima kwanza. Zile nyembamba hukubali kadi fupi tu, na nyingi kati ya OptiPlex na EliteDesk zina pawa saplai zenye vichwa vya kampuni yenyewe, hivyo ya kawaida ya dukani haiingii. Waya wa kadi ya picha kwa kawaida haumo. Umeme unaopatikana ni ule wa nafasi ya bodi, usiozidi wati 75, kwa hiyo uwanja wako ni kadi kama GTX 1650 fupi isiyohitaji waya wa ziada, au RX 6400. Hiyo ya pili hutumia njia nne tu za PCIe, na kwenye bodi za zamani za PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake. Haina pia uwezo wa kurekodi video ndani ya kadi, kwa hiyo mhariri wa video aiache.

Kasha lipime kwa rula: bodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, micro-ATX kwa kawaida 244 kwa 244. Linganisha urefu wa kadi na kimo cha kipozeo na vipimo vya kasha, basi.

Kwa anayeanza leo na fedha kidogo, uamuzi wangu ni huu: bodi ya B550, Ryzen 5 5600G, vijiti viwili vya GB 8 vya DDR4, SSD ya NVMe, na pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 hata kama kadi ya picha itasubiri mwaka mzima. Kasha na lolote lililo jepesi vinaweza kuwa vya mtumba. Pawa saplai isiwe ya mtumba. Na unapokwenda dukani, nenda na karatasi yako, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti namba kamili ya modeli ya kila kipande na muda wa dhamana, kisha umwambie awashe bodi, prosesa na RAM mbele ya macho yako. Akikataa kuwasha, nenda duka la jirani.